Kidole cha Bibi

Mwezi Juni mwaka jana nilipanda basi Songea kwenda Morogoro nikiwa na ndoo ya plastiki mapajani. Kondakta alitaka kuiweka kwenye buti, nikakataa. Akaniuliza nimebeba nini cha thamani hivyo. Nikamjibu: togwa. Abiria wa kiti cha nyuma walicheka, na mama mmoja akasema, "Mwacheni mtoto, anaipenda ya nyumbani."

Hakukosea sana. Ndani ya ndoo, katikati ya barafu niliyonunua kwa wauza samaki, kulikuwa na chupa sita za togwa ya bibi yangu wa Maposeni. Nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya chakula, na utafiti wangu unahusu hamira zinazoishi kwenye togwa ya nyumbani: ni zipi, zinafanya nini, zinaingia kwa njia gani. Watu wengi wakisikia hamira hufikiria ile ya pakiti ya kuumulia maandazi. Hiyo ni moja tu. Hamira ni kundi kubwa la fangasi wadogo wasioonekana kwa macho, na wako karibu kila mahali: kwenye ganda la embe, kwenye punje ya ulezi, kwenye ngozi zetu, ndani ya utumbo.

Miezi minne baadaye majibu ya vinasaba yalikuja kwa barua pepe. Hamira iliyoongoza kwa wingi katika chupa zote sita ilikuwa Pichia kudriavzevii. Nilifanya anachofanya kila mwanafunzi: niliandika jina hilo kwenye intaneti nione wengine wameandika nini. Nilitegemea kusoma habari za uji, pombe na kakao. Nilizipata. Lakini katikati yake kulikuwa na makala za madaktari, na makala hizo zilizungumzia watoto wachanga waliolazwa hospitalini, hamira hiyo ikiwa imekutwa ndani ya damu yao.

Nilifunga kompyuta, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za maabara. Nilikuwa nimemkumbuka mtoto wa dada yangu, na nilikuwa nimekumbuka kidole cha bibi.

*

Mwaka 2016 nilikuwa kidato cha tatu. Dada yangu alijifungua kabla ya wakati, wiki kama nane mapema. Mtoto alikuwa wa kiume, njiti, kilo moja na robo. Alilazwa katika hospitali kubwa, mbali na kwetu, ambayo sina sababu ya kuitaja. Walimwekea kanula mkononi, kisha kichwani mishipa ya mkono ilipogoma. Walimpa dripu, walimpa antibiotiki, walimpa oksijeni. Usiku wauguzi wawili walihudumia wodi nzima, na mmoja wao, dada anasema, alikuwa akimwimbia. Siku ya kwanza daktari aliwaambia wajiandae, huenda mtoto asifike asubuhi. Alifika. Akafika na siku ya kumi. Bibi akaanza kumwita "mume wangu mdogo," kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu. Mimi huniita "mke mwenzangu."

Siku ya kumi na tano bibi alifika hospitalini na chupa ya togwa kwa ajili ya dada, maana kwetu mzazi hunyweshwa togwa ili maziwa yatoke. Katika zile dakika dada alizokwenda kukamua maziwa, bibi alichovya ncha ya kidole cha shahada kwenye togwa, akamgusa mtoto midomoni. Hakumnywesha. Alimwonjesha, kama alivyowaonjesha watoto wake wote, kumkaribisha katika ukoo. Muuguzi alimwona, akamfokea mbele ya akina mama wote.

Siku ya kumi na tisa mtoto alifariki. Karatasi iliandikwa: maambukizi kwenye damu. Dada aliuliza, maambukizi ya nini? Alijibiwa, bila ukali wowote, kwamba watoto njiti ndivyo walivyo.

Msibani hakuna aliyesema lolote. Lakini dada hajaonja togwa tangu siku hiyo. Bibi naye, aliyekuwa akitengeneza togwa ya harusi na ubatizo za nusu ya kijiji, hajampa tena mtoto wa mtu kikombe mkononi. Hukiweka chini, mtoto akakiokota mwenyewe. Niliona jambo hilo kwa miaka bila kulielewa. Nililielewa mwaka nilioanza chuo kikuu, jioni moja tukichambua maharage, aliponiuliza bila kuinua macho: "Mke mwenzangu, wewe unayesoma mambo ya vyakula. Kilikuwa ni kidole changu?"

Nilimwambia hapana, bibi, togwa haiui mtoto. Nilisema hivyo kwa sababu ninampenda, na kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa.

*

Nilichofundishwa hakikuwa uongo. Togwa huanza na kimea. Ulezi hulowekwa, hutandazwa, hufunikwa kwa gunia hadi uote vijizizi, kisha hukaushwa juani na kusagwa. Uji wa mahindi ukishapoa hutiwa unga huo, na baada ya saa chache uji hulegea na kuwa mtamu, kwa sababu kimea huukata wanga ukawa sukari. Kisha bakteria huigeuza sukari kuwa asidi, uchachu hupanda, na hamira huleta harufu. Ndani ya siku moja togwa huwa chachu kiasi kwamba vimelea vingi vya kuhara haviwezi kustahimili humo. Mwaka 1994 Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na mwenzake Ulf Svanberg wa Sweden walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko wenzao. Bibi zetu walilijua hilo bila maabara.

Mwaka 2003 J. K. Mugula wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walichapisha orodha ya viumbe vya togwa. Upande wa hamira walikuta nne. Moja ni ile ya maandazi, Saccharomyces cerevisiae. Nyingine ni Candida tropicalis. Mbili zilizobaki waliziandika kwa majina ya Issatchenkia orientalis na Candida pelliculosa. Nilikuwa nimeisoma makala hiyo mara nyingi, na majina hayo mawili sikuwahi kuyashtukia.

Issatchenkia orientalis ndiyo Pichia kudriavzevii niliyoikuta kwenye chupa za bibi. Madaktari wao wamezoea kuiita Candida krusei. Watu wa chakula walikuwa na jina lao na watu wa hospitali walikuwa na lao, na kila upande ulisoma makala zake. Mwaka 2018 wanasayansi wa Dublin, nchini Ireland, walilinganisha vinasaba vya hamira zilizotoka kwa wagonjwa na vya zile zilizotoka kwenye mazingira na vyakula. Hawakuona mpaka wowote kati yake. Hakuna aina ya chakula na aina ya wagonjwa. Ni hamira moja.

Mwaka 2014 hamira hiyo ilizuka katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali moja Afrika Kusini. Na ile Candida pelliculosa, ambayo hospitalini imeitwa pia Pichia anomala, ilikaa karibu miaka miwili, kuanzia mwaka 1996, katika wodi za watoto za hospitali kubwa ya Chandigarh, India. Watoto 379 waliambukizwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi wa kutiliwa maanani, 19 kwa jumla, hamira ya kibuyu cha bibi yangu ilikuwemo. Iliwekwa kundi la kati, si la juu kabisa, lakini ilikuwemo.

*

Swali la kwanza lililonijia pale kwenye ngazi lilikuwa la kitoto, na sioni aibu kuliandika: je, hamira hii ni nzuri au mbaya?

Haina nia. Kwenye kibuyu hula sukari na kuzaliana, na kwenye damu hufanya vilevile. Kilichobadilika ni mahali, na njia iliyoifikisha pale. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake ana kuta zake: ngozi, utando wa utumbo, chembe nyeupe za damu, na bakteria wema ambao wameshika nafasi hivyo hamira haipati pa kukaa. Mtoto njiti ana ngozi kama ganda la ndani la kitunguu, na utumbo ambao haujakomaa. Antibiotiki tunazompa ili aishi huua na wale bakteria wema. Kanula tunayomwekea ili aishi hufungua njia ya moja kwa moja kutoka nje hadi kwenye mshipa. Hamira ambazo kwa mtu mzima hupita tu bila hata kusalimia, kwa mtoto huyu hukuta mlango uko wazi. Na kila mlango ulifunguliwa na mtu aliyetaka mtoto aone asubuhi.

Kwa hiyo methali ya kikulacho ki nguoni mwako hainisaidii hapa. Methali hiyo inatuelekeza kumtafuta msaliti wa ndani. Mimi nimewapanga wote mbele yangu, daktari, muuguzi, bibi, hata hamira yenyewe, na hakuna aliyemtakia yule mtoto mabaya. Pamoja na hayo, mtoto alikufa.

Tumelelewa kutafuta kosa. Kanisani tunaungama makosa, barazani wazee wanaamua nani mkosaji. Tukilikosa kosa tunasema ni mapenzi ya Mungu, tunakunja mikeka, tunaondoka. Nadhani kati ya kosa na mapenzi ya Mungu kuna kitu kingine, nacho ni deni. Mtu anaweza kudaiwa bila kuwa amekosa.

Chukua jembe. Kwetu ukiazima jembe la jirani na mpini ukakatika unalima kwa uangalifu, hujakosa. Labda mpini ulikuwa na ufa ambao hakuna aliyeuona. Lakini huendi usiku kuliegemeza ukutani kwake na kurudi kimyakimya. Unakwenda mchana, unapiga hodi, unasema: jirani, limevunjika mikononi mwangu, nilikuwa nalima mahali fulani, ilikuwa hivi na hivi. Jirani atakusamehe mpini. Ukimya ndio hatausamehe kwa urahisi, na ana haki, kwa sababu usipomwambia atamshuku mwanawe aliyelitumia jembe hilo jana.

Naamini hospitali inayofungua njia ya kuingia kwenye damu ya mtoto, hata ikiifungua kwa huruma na kwa ustadi, inadaiwa vitu viwili. Cha kwanza ni kutazama nini kimepita kwenye njia hiyo mtoto anapozidiwa. Cha pili ni kumwambia mama kilichoonekana. Na kama haikutazama, imwambie kwamba haikutazama.

*

Nina rafiki niliyesoma naye sekondari, sasa ni daktari kijana. Nilimweleza haya yote kwa simu usiku mmoja. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Umewahi kukaa zamu ya usiku wodi ya njiti?"

Sijawahi. Akaniambia kipimo cha kuotesha damu kinataka nini: chupa maalumu, mashine ya joto, umeme usiokatika, mtaalamu wa kusoma kilichoota, na siku mbili hadi tano za kusubiri wakati mtoto anahesabu saa. Damu yote ya mtoto wa kilo moja haijazi nusu glasi, na wewe unataka kumtoa nyingine. Halafu ukishaikuta hamira yako utafanya nini? Flukonazoli, dawa ya fangasi inayopatikana kwa urahisi zaidi, hiyo Candida krusei haiisikii. Amfoterisini inaisikia, lakini ni ghali, haipatikani kila mahali, na lazima uzilinde figo za mtoto unapoitumia. "Kwa hela hiyo mimi nanunua oksijeni," akasema. "Oksijeni inaokoa wengi. Hamira zenu hizo ni nadra."

Nilinyamaza, kwa sababu oksijeni ni hoja nzito. Tunapenda kusema uhai hauna bei, lakini penye mtungi mmoja wa oksijeni uhai una foleni, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kuipanga foleni hiyo saa tisa za usiku. Ningekuwa yeye labda ningechagua kama yeye. Neno lililoninyima usingizi ni lile la mwisho: nadra.

Nadra kwa hesabu ya nani? Mwaka 2009 wanasayansi wa Japani walieleza hamira mpya waliyoikuta kwenye sikio la mgonjwa, wakaiita Candida auris, yaani ya sikio. Kwa miaka kadhaa maabara nyingi duniani zilikuwa zikiikuta na kuiandika kwa majina ya ndugu zake, kwa sababu mashine zao hazikuwa zimefundishwa kuitambua. Kisha wataalamu wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, walipitia kumbukumbu zao za mwaka 2010 hadi 2016. Wagonjwa 201 walikuwa wamepata hamira za jamii ya Candida kwenye damu wakiwa wamelazwa. Kwa asilimia 38 kati yao ilikuwa Candida auris. Hamira ambayo vitabu viliita ngeni ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa wingi, hapo jirani tu.

Tujiulize: msomaji wa taarifa hiyo ataiona hospitali ya Nairobi kuwa safi au chafu? Wengi wataiona chafu. Na hospitali ambayo haijawahi kuotesha damu ya mtoto hata mmoja itaonekana safi kabisa, haina hamira hata moja kwenye vitabu vyake. Hiyo si haki. Anayepima hupata sifa mbaya, asiyepima hulala usingizi. Nadra kinywani mwa mtu aliyehesabu ni takwimu. Kinywani mwa mtu ambaye hakuhesabu ni namna ya kusema hatujaangalia, ila kwa sauti ya mtu aliyeangalia.

Kuhusu hoja ya kwamba kujua bila dawa hakuna faida, jibu langu ni Chandigarh. Kule walikuwa wameotesha damu na kuipa hamira jina, ndipo wakaitafuta, na wakaikuta mikononi mwa wahudumu. Mlipuko ulitulia baada ya kampeni ya kunawa mikono na kuwapa watoto walio hatarini dawa za kuwakinga. Jina la hamira iliyokuwa kwenye damu ya mtoto mmoja lilimlinda mtoto wa kitanda cha pili. Sabuni haigombanii fungu na oksijeni.

Nilimpigia tena rafiki yangu nikamweleza. Akasema, "Sawa, nipe maabara, nitapima." Nikamwambia najua, na sidai kila zahanati iwe na mashine ya kuoteshea damu. Nadai zile hospitali ambazo wengine wote wanapeleka watoto wao. Na deni lile la pili, la kusema, halihitaji umeme wala mashine. Kumwambia mama "mwanao alikufa kwa kitu kilichoingia kwenye damu yake akiwa hapa kwetu, hatukipima, hatukijui" ni sentensi moja. Alikaa kimya kidogo. "Sentensi hiyo inaweza kuniletea kesi," akasema. Namwelewa pia. Ila aliponiambia hivyo nilijua kwamba tumeshatoka kwenye mambo ya fedha, na kwamba tulikuwa tukizungumzia hofu.

Kwa sababu gharama ya ukimya ipo, na kuna mtu anayeilipa. Kifo kisichoelezwa hakikai bila maelezo. Watu watajaza wenyewe, na watamjaza aliye karibu zaidi na asiye na mtetezi. Kuna mikoa ya nchi yetu ambako wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, kwa sababu mtoto alikufa na hakuna aliyesema kwa nini. Kwetu hatukufika huko, namshukuru Mungu. Kwetu lawama iliishia kwenye ncha ya kidole kimoja.

*

Na mimi je? Nimeandika kurasa hizi zote nikidai watu waseme, wakati mimi nilikaa na majibu ya vinasaba miezi minane bila kumwambia bibi. Sababu zangu zilikuwa zilezile za hospitali. Ni mzee, nitamwumiza. Hataelewa. Sina uhakika. Haitamrudisha mtoto. Kila sababu niliyoikataa kwa daktari niliikumbatia kwa ajili yangu.

Juni hii nilirudi Maposeni. Ni miezi ya baridi kwetu, jikoni ndiko mahali pekee pa kukaa. Bibi alikuwa anakoroga uji wa togwa kwenye sufuria kubwa. Nikamwambia, "Bibi, uliwahi kuniuliza habari ya kidole."

Hakujibu. Aliendelea kukoroga.

Nikamweleza. Kwamba kwenye togwa yake kuna hamira ambayo hospitalini imewahi kukutwa kwenye damu ya watoto. Kwamba hamira hiyo iko pia kwenye matunda, inaweza kuwa mikononi mwa wahudumu, inaweza kuwa tumboni mwa mtoto mwenyewe. Kwamba njia fupi kabisa ya kwenda kwenye damu ilikuwa ile kanula, na yeye hakuigusa. Kwamba bakteria huwaua watoto njiti mara nyingi zaidi kuliko hamira, na huenda hata haikuwa hamira. Nilimwambia na lile nililotaka kuliruka: kwamba mtoto njiti haonjeshwi kitu chochote ila maziwa ya mama, kwamba muuguzi alikuwa na haki ya kumkataza, ingawa hakuwa na haki ya kumfokea. Dada, nikaongeza, anakumbuka kwamba mtoto alikuwa ameshaanza kupoa mwili usiku wa kuamkia siku aliyofika yeye.

"Sivyo," bibi akasema. "Alinifumbulia macho. Alikuwa mzima." Kisha akaweka mwiko. "Kwa hiyo kilikuwa kidole changu au hakikuwa?"

"Sijui, bibi. Siku ile niliposema hapana nilisema bila kujua. Na hakuna wa kutuambia sasa. Damu yake haikuoteshwa."

"Haikuoteshwa," akarudia. Kwake neno hilo ni la ulezi. Akauliza ingechukua muda gani. Nikamwambia siku mbili, tatu, wakati mwingine tano.

"Hata kimea ni siku tatu," akasema.

Nilitegemea atalia, au ataniambia nitoke. Alikaa kwenye kigoda akipangusa mikono kwa khanga, kidole kimoja kimoja, muda mrefu. Halafu akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria katika miezi yote ile ya kusoma.

"Mimi nilidhani wanajua. Miaka yote hii nilidhani waliona kwenye vyombo vyao kwamba ni mimi, wakanificha kwa kunihurumia. Na wewe ulivyosema hapana haraka vile, nikajua na wewe wamekuambia."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimeudhani ukimya kuwa sehemu tupu, mahali ambapo hakuna kilichosemwa. Bibi alikuwa ameusikia ukisema kitu kimoja, waziwazi, kwa miaka tisa.

Baadaye mtoto wa jirani alikuja kuomba togwa. Bibi alimjazia kikombe, akakishika kidogo, akakiweka chini kama kawaida yake. Mtoto akakiokota, akanywa, akakimbia. Sikusema kitu.

"Dada yako umemwambia?" akaniuliza.

"Bado."

"Mwambie. Na usimwambie kwa simu."

Kesho yake asubuhi nikapanda gari kwenda Songea, na kutoka Songea nikapanda basi la kwenda kwa dada.